Siku Tisa za Mkondo

1

Jambo la ajabu pale Kituo cha Wasafiri ni kwamba watu wote ukumbini walikuwa wanapumua kwa pamoja. Aikande hakuligundua mara moja. Kwanza aliona viti vya plastiki vya bluu, akaona runinga inayoonyesha mpira bila sauti, akaona mzee mmoja anasoma gazeti huku miwani imemshuka puani. Kisha mabega yakapanda. Ya mzee, ya binti mwenye begi la mgongoni, ya mama mmoja na mwanawe aliyelala mapajani, mpaka ya mlinzi mlangoni, yote yalipanda, yakatulia kidogo kule juu, yakashuka. Ukumbi mzima ukatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayepuliza chai ya moto.

"Mungu wangu," Aikande alisema.

"Usiwakodolee macho," dada yake Ndeshi alimwambia huku anamshika kiwiko. "Si tulishaambiwa? Wanakuwa hivyo siku tisa, halafu inaisha. Keti. Umemeza dawa yako ya saa nne?"

"Saa hizi ni saa tatu na nusu, dada."

"Basi keti uisubiri."

Ndeshi ndivyo alivyo. Amemzidi Aikande miaka sita, ana kitalu cha miche ya kahawa kule kwao Uru, ana watoto wanne, wajukuu saba, na sauti ya kuwatosha wote hao. Miaka kumi na minne iliyopita, mafigo yote mawili ya Aikande yalipokufa, Ndeshi hakuitisha kikao cha ukoo wala hakuomba muda wa kufikiri. Alikwenda hospitali akapimwa, akalazwa, akatoa moja la kwake, na siku ya tatu alikuwa anawagombeza wauguzi kwamba uji wao hauna sukari. Tangu hapo figo lile likawa kama mtoto waliyemzaa pamoja. "Figo langu halijambo?" ndivyo alivyoanza kila simu, hata kabla ya kuuliza umeamkaje. Akimwona Aikande anaongeza chumvi kwenye nyama, anampiga kikofi mkononi: "Wewe, unaliunguza figo langu!"

Sasa figo lilikuwa limechoka. Madaktari walimpa mwaka mmoja, na walivyokuwa wanatazamana wakati wanasema hivyo, Aikande alijua hata huo wameuvuta. Yeye alikuwa mpima ardhi kabla ugonjwa haujamrudisha nyumbani, na mtu aliyezoea kupima humwambii mwaka ukamdanganya. Kulikuwa na hospitali moja tu duniani iliyoweza kuotesha figo jipya kutoka kwenye chembe za mgonjwa mwenyewe, huko Tarsund, kaskazini kwenye barafu. La Aikande lilikuwa tayari linakua. Ndeshi, mtu wa miche, alilielewa jambo hilo kuliko hao madaktari. "Liko kitaluni," alisema. "Tunakwenda kulichukua."

Ila Tarsund hawamfungulii mlango mtu asiye na Mkondo.

Mkondo ni chanjo, lakini si ile ya kuchomwa mtu mmoja ikaishia kwake. Ilitengenezwa miaka ile ya homa ya kijivu, watu wanakufa na sindano hazitoshi. Wataalamu wakachukua kirusi, wakakifuga, wakakizoesha kutoka kwenye pumzi ya aliyechanjwa na kuingia kwa aliye karibu naye. Ukichanja mmoja, umechanja nyumba. Siku ya tisa mwili unakifunga, mambo yanakwisha, kinga inabaki. Kitu kimoja tu hawakukipanga: kirusi kile kikishatulia mapafuni, kilipanda mpaka chini ya ubongo, pale panapotunza mwendo wa pumzi, kikaanza kuwapanga watu. Wote wanatoa pumzi kwa wakati mmoja, maana ndivyo kinavyosafiri vizuri. Hakuna aliyedhurika, kwa hiyo wakakiacha. Nchi yetu ilikataa kuuachia Mkondo utembee mitaani. Anayeutaka aufuate kituoni, akae ndani siku tisa na msindikizaji wake kama anaye, ndipo apande ndege.

Karani akawaletea fomu mbili. Macho ya Aikande yalikuwa yamevimba tangu alfajiri, kwa hiyo Ndeshi akazijaza zote mbili, ya kwake na ya mdogo wake, huku anasoma kwa kunong'ona kama anasali rozari. Kwenye swali la kumi na saba akanyamaza. Aikande akainama kuona. *Je, unatumia dawa yoyote inayoshusha kinga ya mwili?*

Ndeshi akaandika: Hapana.

"Dada, hiyo si kweli."

"Nyamaza." Ndeshi hakuinua kichwa. "Watu wa mezani hawa ukiwatajia ugonjwa wako tu, umewapa sababu ya kukurudisha nyumbani. Mama Anjela, jirani yetu, walimrudisha uwanja wa ndege, hivihivi, kwa sababu ya presha. Presha! Ukweli tutausema tukishafika."

Barua ya hospitali ya Tarsund, iliyosema kwa herufi nene kwamba mgonjwa amweleze daktari wa kituo dawa zake zote kabla ya sindano, ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya khanga na boksi la majani ya chai. Aikande aliijua ilipo. Alikuwa na nafasi ya kuitoa. Lakini alikuwa amechoka, amevimba miguu, na kule kitaluni kitu chake kinakua, na yeye pia aliwajua watu wa mezani. Wewe na mimi tungefanya hivyohivyo, tusijitie utakatifu. Akachukua kalamu akatia sahihi.

2

Siku ya kwanza hakusikia kitu. Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, aliinua kijiko na kukiona kijiko cha kila mtu kimesimama hewani, kinasubiri pumzi ishuke. Akashusha pumzi, nao wakashusha, vijiko vikaingia midomoni.

Unaweza kuibana pumzi, ukitaka. Aikande alijaribu. Lakini ukiiachia tu, inakwenda kujiunga na za wenzako, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Hata ugomvi ulikuwa hauendi. Mzee wa gazeti na binti wa begi walizozana kuhusu dirisha, kila mmoja akawa anaishiwa pumzi katikati ya neno sawa na mwenzake, wanabaki wanatazamana midomo wazi, wanavuta pamoja, wanaanza upya. Mwishowe wakacheka, na ukumbi mzima ukayumba kwa kicheko hicho, mpaka wasiojua kilichochekesha.

Jambo ambalo Aikande hakumwambia mtu ni kwamba alipenda. Tangu mumewe Flavian afariki alikuwa anaamka peke yake, anapima mkojo wake peke yake, anaandika kwenye daftari peke yake. Humu alikuwa akijilaza baada ya chakula anasikia watu ishirini na mbili wanavuta hewa naye na kuiachia naye, na usingizi unamchukua bila kubembelezwa. Kitanda cha pili kilikuwa cha Ndeshi. Mtu wa kwao haachwi hospitali peke yake, huo si mjadala, na Ndeshi alikuwa hata kuoga anaoga mlango wazi.

Siku ya nane watu wakaanza kuachia. Pumzi ya binti wa begi ilianza kwa kwikwi, kisha akawa anavuta pumzi wakati wengine wanatoa, akapiga makofi kama aliyeshinda bahati nasibu. Mtoto akafuata, kisha mama yake. Siku ya tisa asubuhi ukumbi ulikuwa umerudi kuwa ukumbi, kila mtu na mapafu yake, fujo tupu. Sista Paskazia, muuguzi mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, alipita na kipimo chake kidogo cha kuwekea kifuani. Kila mmoja aliyempima alimwambia, "Haya, safari njema."

Akafika kwa Aikande, akaweka kipimo, akasoma. Akakiweka kwa Ndeshi, akasoma. Akarudi kwa Aikande. Halafu akakishusha kabisa na kuwatazama kwa macho tu, mabega yao mawili yanavyopanda na kushuka, panda, shuka, hakuna hata unywele mmoja wa tofauti.

"Mama," alimwambia Aikande kwa upole mno, "hebu nionyeshe dawa unazotumia."

3

Waliwahamishia chumba chenye ukuta wa kioo. Dokta Rwehumbiza alisimama upande wa pili, kijana bado, anaongea kwa kipaza sauti na chupa ya vidonge vyeupe mkononi.

"Hivi unavimeza tangu lini, mama?"

"Miaka kumi na minne."

Daktari alijikuna kidevu. "Vidonge hivi vinaufumba macho mwili wako, usilione figo la dada yako kuwa ni geni. Sasa mwili uliofumbwa macho hauuoni na Mkondo. Hautaufunga siku ya tisa. Wala ya tisini. Utautoa kwenye pumzi yako maisha yako yote. Mtu wa namna hiyo tunamwita chemchemi."

"Nikiacha dawa?"

"Figo litakufa ndani ya mwezi. Na bado sina uhakika kama mwili wako utaufunga. Hata baadaye, ukishapata figo jipya na kuviacha vidonge, mwili utakuwa umeshauzoea Mkondo, hautaufunga tena."

"Na dada yangu?"

"Yeye mwili wake umeshaufunga. Ana kinga safi kabisa. Lakini kinga inazuia ugonjwa, haizuii mwendo wa pumzi, na huo unamtia wewe upya kila siku mnapolala chumba kimoja. Akikaa mbali nawe siku tatu, nne, atarudi kupumua kivyake. Akikaa nawe siku arobaini, harudi tena. Anakuwa amefungwa kwako."

"Kufungwa ndiyo nini?" Ndeshi akadakia. "Kwani kupumua pamoja kunaua?"

Daktari alimtazama Sista Paskazia, naye akasogea karibu na kioo.

"Mwaka wa kwanza hatukuwa tunajua," Sista alisema. "Tulikuwa na mzee mmoja, Mzee Sembuche, ana ugonjwa wa damu, chemchemi kama wewe. Mkewe, Bi Mwanaidi, akakataa kumwacha. Tukawapa nyumba hapo nyuma, wakakaa miezi minane. Bi Mwanaidi alikuwa mzima, tena mcheshi, ananisaidia jikoni. Siku mzee alipokata roho wodini, mimi sina habari, nipo na mkewe tunamenya ndizi. Ananisimulia habari za mkwe wake. Akanyamaza katikati ya neno. Nikadhani analitafuta jina la mtu. Nikamsubiri amalizie." Sista alijifuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilimsubiri muda mrefu. Ndizi bado anayo mkononi."

Mle ndani ya kioo vifua viwili vilipanda, vikashuka.

Daktari akaendelea, sasa kwa haraka, kama anayetaka kumaliza. Tarsund watampokea Aikande, maana kule kila mtu ameshachanjwa, na wanalo jengo la watu chemchemi, kila chumba na hewa yake. Mgeni anaruhusiwa saa moja kwa siku. Figo atawekewa, atapona, ataishi, pengine miaka ishirini. Lakini kurudi hapana. Nyumbani hakuna jengo kama hilo, na sheria haimruhusu chemchemi kuishi kati ya watu.

"Wanakubali mwenza mmoja," alisema. "Mtu anayetia sahihi kwamba anaingia kuishi naye na anajua atafungwa. Ila na hilo lazima niliseme. Upasuaji ni wiki ya nane. Watamlaza, watamwekea mashine ya kupumulia. Kama mwenza ameshapita siku arobaini, huko nje atakakokuwa amekaa, atapumua kwa mwendo wa mashine. Wakiisimamisha kidogo kurekebisha mrija, naye atasimama."

"Mngetueleza haya mapema!" Ndeshi alipiga kioo kwa kiganja. "Kwa nini hamkutuuliza?"

"Tuliwauliza, mama," Dokta Rwehumbiza alisema. "Swali la kumi na saba. Mngesema ndiyo, ningempa chanjo iliyokufa, ile isiyotembea. Sindano tatu, wiki nane. Tarsund wangesogeza tarehe tu. Wagonjwa wengi wa figo wanapita hapa hivyo, wanakwenda na kurudi."

Ndeshi alikaa chini sakafuni. Hakuketi, alikaa kama gunia. Akaziba mdomo kwa khanga na kulia kukamjia, na ndipo Aikande alipoona jambo la kutisha kuliko yote aliyoyasikia asubuhi ile: dada yake alikuwa hawezi kulia. Kwikwi ilikuwa inapanda na kukwama, inapanda na kukwama, maana mapafu hayakuwa yake ya kulilia, yalikuwa yanangoja zamu. Uso ulijaa damu na macho yakatoka pima.

Aikande akaelewa. Akapiga magoti karibu naye, akaanza kuhema harakaharaka, kwa kukatakata, jinsi mtu anavyohema akiwa na msiba. Kilio cha Ndeshi kikafunguka. Akalia mpaka akachoka, na Aikande akamhemea mpaka mwisho, kichwa kinazunguka.

4

Karatasi ya mwenza ilikuwa na mistari miwili ya sahihi, mmoja wa mwenza na mmoja wa chemchemi. Ndeshi alitia yake kabla chai haijapoa.

"Imekwisha hiyo," alisema, akaanza kukunja nguo. "Kitalu atakaa nacho Honorati wangu. Wajukuu watanipigia simu. Tutahitaji masweta ya maana, sijui kama ya sokoni yatatosha huko. Wewe tia sahihi tumpe Sista."

Aikande alikuwa amekaa kitandani na kalamu mkononi. Nisikufiche: alitaka kutia. Alitaka mpaka ncha ya kalamu ikagusa mstari. Alikiona hicho chumba cha Tarsund, dirisha lenye barafu, watu wanaomzungumzisha saa moja kwa lugha asiyoijua kisha wanaangalia saa, na miaka ishirini ya hayo. Halafu akakiona chumba hichohicho Ndeshi yumo, anagombana na wapishi wao kuhusu uji. Tofauti yake ni kama ya kaburi na nyumba.

Ndeshi alikuwa amempa mgongo, anakunja khanga. Aikande akabana pumzi.

Mgongo wa Ndeshi ukasimama. Mikono ikaendelea na kazi, ikakunja pembe na pembe, ikalainisha. Aikande akahesabu kumi. Mkono mmoja wa Ndeshi ukapanda wenyewe shingoni, ukalegeza kitambaa. Ishirini. Khanga ikaanguka. Ndeshi hakugeuka wala kuuliza kitu, alisimama tu ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichofuata chumbani. Ishirini na tano. Aikande akaachia, na dada yake akavuta hewa kwa kishindo, akasema, "Hewa ya humu nzito," akaokota khanga yake.

Aikande aliiweka kalamu chini.

"Dada. Sitii sahihi."

"Acha utani."

"Sitii. Sikiliza. Sasa hivi nimebana pumzi, na wewe umesimama. Ulikuwa unakunja khanga na huna habari kwamba unakufa. Mimi nilikuwa nahesabu."

Ndeshi akageuka. Uso ulikuwa bado na wekundu chini ya macho. "Sasa? Usibane tena."

"Siku nitakayobanwa mimi je?"

"Siku hiyo nitakuwa nimeshazeeka. Nina miaka hamsini na nane, Aika, sijui kama unakumbuka. Nimeshaona wajukuu. Ni mwili wangu, na sahihi yangu hiyo hapo, hujanilazimisha. Kosa nimelifanya mimi na kalamu yangu. Niache nilirekebishe!"

"Kosa tumelifanya wote. Niliona ulivyoandika, nikasaini. Barua nilijua ilipo." Sauti ya Aikande ilianza kupanda, na kifua cha Ndeshi kikapanda nayo. "Halafu nikuambie lingine. Nataka uje. Nataka mpaka naona aibu. Tangu asubuhi naomba Mungu uning'ang'anie nishindwe kukataa. Ukija nitafurahi kila siku, na kila siku nitakuwa nakuangalia kifua, nikikohoa nitazame kama umekohoa. Nimekaa miaka kumi na minne nakojoa kwa figo lako. Nilikubali, sikuuliza mara mbili, nilikuwa nataka kuishi. Hilo lilikuwa moja na ulikuwa nayo mawili. Pumzi unayo moja."

"Mimi ndiye dada mkubwa."

"Ndiyo. Na mimi ndiye mwenye mstari wa pili."

Walitazamana. Ndeshi alikuwa na hasira ambayo Aikande hakuwahi kuiona tangu wakiwa wasichana, hasira ya mtu aliyezoea kutoa na leo mlango umefungwa.

"Basi," Ndeshi alisema, "nirudishie figo langu."

Neno likabaki hapo katikati ya vitanda viwili. Ndeshi mwenyewe aliliogopa, akaweka mkono mdomoni.

"Likitolewa Tarsund nitawaambia wakutumie kwenye ndoo," Aikande alisema. "Ulitie chumvi mwenyewe."

Hakujua nani alianza. Walicheka mpaka wakashikana mabega, kicheko kimoja kwenye vifua viwili, kinakatika na kuanza pamoja, mpaka Sista Paskazia akaja kuchungulia kwenye kioo. Aikande alipomwona, akamwonyesha ishara kwa mkono, bado anacheka na machozi yanamtoka: mchukue. Mchukue sasa hivi, kabla sijabadili nia.

Sista alifungua mlango wa upande wa Ndeshi. Ndeshi aliangalia mlango, akamwangalia mdogo wake, akaangalia begi alilokuwa amelipanga vizuri namna ile. Akatoka bila kulichukua, mkono mmoja unapapasa ukuta, na vifua vyao vikaendelea kupanda na kushuka pamoja alipokuwa anakwenda, mpaka mlango ukajifunga na Aikande hakuona tena.

5

Siku ya tatu tangu watenganishwe, ndege ilikuwa ya saa saba mchana. Walimweka Aikande kwenye chumba cha wasafiri maalumu, chenye hewa yake, na skrini ukutani. Ndeshi alikuwa jengo la pili. Kwa siku mbili walikuwa wanazungumza kwenye skrini asubuhi na jioni, na siku zote mbili mambo yalikuwa yaleyale: mabega ya Ndeshi yanapanda na ya kwake. Kuta nne na bustani katikati, na bado. Dokta alisema ni kawaida. Alisema mara nyingi mno.

Leo Ndeshi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amesuka.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Masweta yote mawili yako kwenye begi?"

"Nimelivaa moja. Najisikia kuchemka."

"Chemka tu. Ukifika utanishukuru." Ndeshi alisogea karibu na kamera mpaka ikaonekana pua na macho tu. "Honorati amenitumia picha ya miche. Ameimwagilia maji mengi mno, huyu mtoto. Nikirudi nitaikuta imeoza mizizi. Nimemwambia, mche hauhitaji..."

Akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyepaliwa na mate. Aikande hakukohoa.

Wote wawili waliganda. Ndeshi aliweka kiganja kifuani, juu ya maua ya gauni. Mabega ya Aikande yalipanda. Ya Ndeshi yalitaka kupanda, yakasita, yakapanda nusu. Ikaja kwikwi, ikaja ya pili. Kisha Ndeshi akatoa pumzi ndefu, ya kwake peke yake, wakati kifua cha Aikande kimejaa hewa mpaka juu.

"Aika." Macho yake yalikuwa makubwa. "Aika, sikusikii."

"Nipo. Nakuona."

"Najua upo, naona mdomo wako. Sikusikii humu." Alijipigapiga kifua kwa vidole. "Umetoka. Mama yangu, pako kimya namna hii?"

Aikande alikuwa na kazi. Alikuwa anamfuata. Hakuamua kufanya hivyo, alijikuta tu anabana pale Ndeshi alipobana, anaivuta pumzi kwa nguvu ili wafike juu pamoja, anaikatisha, anaiwahi. Akaipata moja. Akaipata ya pili kwa taabu. Ya tatu Ndeshi alikuwa ameshaongea, ameshavuta katikati, hovyohovyo, kama anavyopumua mtu yeyote aliye hai na ana mambo ya kusema. Aikande akakimbiza na hiyo. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya sweta, nyota zinacheza machoni, na bado alikuwa anakimbiza, maana akimkosa hapa ndiyo basi.

"Wewe, unahema nini?" Ndeshi akauliza. "Unaumwa? Nimwite Sista? Aika!"

Mlango nyuma ya Aikande ukafunguka, akaingia mhudumu aliyevaa kofia ya kioo mpaka shingoni. Akamwambia gari liko tayari.

Aikande akashika ukingo wa meza. Akaiacha pumzi ya dada yake iende. Iliyofuata ikaja ya kwake, ya taratibu, ikajaza mapafu yake na kutoka, na kwenye skrini Ndeshi alikuwa anavuta.

"Siumwi," alisema. "Niambie habari za miche."

Na Ndeshi akaanza kumwambia.